Chungu Kwanza, Tende Baadaye

Juzi nilisimama sokoni Malindi mbele ya mama muuza mboga, nikamuuliza kama ana mchunga. Akaninyanyulia fungu, majani mabichi yamefungwa kwa ukindu, akasema kwa fahari kabisa, "Chukua, mwanangu, hii si chungu. Ni ya kupanda, si ile ya porini." Nikamtazama, nikautazama ule mchunga, nikaangua kicheko. Mchunga usio mchungu, jamani! Yule mama akadhani namcheka yeye, akanuna, ikabidi nimtake radhi na kununua mafungu zaidi ya niliyotaka. Ningemwelezaje? Ningeanzia wapi kumwambia kwamba uchungu wa mboga nusura unifukuzishe Riyadh nikiwa mtoto wa miaka kumi, na kwamba ni uchungu huo huo uliotupeleka Jeddah?

Basi nitakuambia wewe, maana wewe una nafasi, na mimi nikianzishwa habari za baba yangu sinyamazi.

Baba alikuwa mpishi. Usimfikirie mpishi wa biriani za harusi, la. Alipika vyakula vya Kiitaliano. Kama unaijua Malindi ya zamani, unajua Waitaliano walijaa mpaka muuza madafu akawa anaita wateja kwa lugha yao. Baba aliingia hotelini kuosha masufuria, na mzee wa Kiitaliano mwenye hoteli ile akaona kijana ana mkono wa jiko, akamfundisha. Alimfundisha kukanda unga na kupika sosi, na alimfundisha pia kuheshimu vitu vichungu: kahawa nyeusi isiyoonja sukari, mboga za majani machungu zilizokaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili. Mzee yule akionja kitu kichungu alifumba macho na kusema "amaro" kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari njema. Kwa baba hilo halikuwa geni hata kidogo. Sisi ni Wagiriama. Mchunga tumelishwa tangu hatujaota meno, umepikwa kwa tui la nazi, na ukikolea uchungu ndipo mpishi anaposifiwa. Kwa hiyo baba alitoka hotelini akijua Kigiriama, Kiswahili na Kiitaliano, na katika lugha zote tatu chungu ilikuwa sifa. Kiingereza hakukijua. Alikuwa na "yesi" na "nou problemu", basta.

Kisha wageni wakapungua, hoteli ikafungwa. Hiyo ndiyo miaka ambayo kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na mtu anayesubiri viza ya Saudia. Wasichana walikwenda kufanya kazi za ndani, wanaume walikwenda kuwa madereva na walinzi. Baba alimpata bosi aliyekuwa akitafuta mpishi anayeijua pasta. Akatangulia Riyadh, na baadaye akatuita mimi na mama kwa viza ya ziara, ile ya kuja, kukaa miezi kadhaa, na kurudi ulikotoka.

Tulikaa Al-Suwaidi, vyumba viwili ghorofa ya kwanza, nyuma ya duka la mapazia. Nikifumba macho bado naisikia ile nyumba. Kiyoyozi cha dirishani kilinguruma mchana kutwa, na kikizimwa ndipo unagundua kwamba mlikuwa mnapigiana kelele. Adhana zilianza msikiti mmoja, zikadakwa na mwingine, na maduka yakateremsha milango ya chuma moja baada ya jingine. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, na jioni kulifuta tena lile lile, maana Riyadh vumbi halibishi hodi. Baada ya hapo nilitumwa kwenye tanuri la Waafghani kununua mkate wa tamisi, mpana kama sinia, nikaubeba kifuani umefungwa gazeti huku unaniunguza. Sikufika nao nyumbani mzima hata siku moja. Mama aliutazama ule upande uliomeguliwa, akautazama mdomo wangu, akasema, "Panya wa njiani leo alikuwa na njaa."

Shule sikwenda, watoto wa viza ya ziara hawakuandikishwa. Marafiki sikuwa nao. Nilikuwa na dirisha la jikoni, basi. Lilitazama lile tundu la hewa linalopita katikati ya jengo, ambamo madirisha ya jikoni zote hutazamana, na harufu za vyakula vya watu hukutana humo zikagombana. Dirisha la juu yetu lilikuwa la nyumba alimofanya kazi dada mmoja wa Kakamega. Nilimwita anti. Uso wake sikuwahi kuuona wote, niliona mikono yake ikisuuza vyombo, na kilemba chake akiinama. Lakini sauti yake naijua mpaka leo.

"Wewe katoto ka Pwani," aliniita, "umeamka ama bado unaota samaki?"

Tulizungumza kwa sauti ya chini asikasirike madam wake. Mara nyingi mazungumzo yalikatika katikati. Utasikia "Yalla!" kutoka ndani kwao, na anti amepotea, neno linabaki linaning'inia kwenye tundu mpaka kesho yake. Kesho yake alirudi na kuendelea pale pale alipoachia. Alikuwa na watoto wake kwao, wanalelewa na mama yake, na mmoja alikuwa rika langu. Nadhani ndiyo sababu hakuchoka maswali yangu.

Sasa, siku moja baba alirudi saa ya mchana, hata viatu hajavua, akamwambia mama kwamba bosi anafungua mkahawa mwingine Jeddah. Anataka mpishi mkuu wa huko, na mpishi huyo lazima ajue kutoka jikoni, asimame mezani, awaeleze wageni chakula chao kwa Kiingereza, kwa sababu wateja watakuwa wageni wa kigeni na vijana wa Kisaudi waliosoma ng'ambo. Atakayechaguliwa atapewa nyumba, na ikama ya familia, yaani kibali cha kukaa nchini na watu wake. Kulikuwa na wapishi wawili wa kuchaguliwa, baba na mwenzake wa Kimisri, na kila mmoja angepika sahani yake mbele ya wageni wa bosi.

"Bosi ameniambia, mafi Kiingereza, mafi Jeddah," baba alisema, yaani bila Kiingereza hakuna Jeddah. Aliigiza jinsi bosi alivyompiga mgongoni akicheka, lakini yeye hakucheka.

Viza yetu ilikuwa inakwisha baada ya Idi. Nilikuwa mtoto lakini si mjinga, nilijua maana yake. Baba asipoipata Jeddah, mimi na mama tunapanda ndege, na yeye anarudi kwenye kile chumba cha vitanda vya juu na chini alimolala na madereva kabla hatujaja. Nilikuwa nimeshaishi na baba wa simu. Sikumtaka tena yule baba wa simu, nilimtaka huyu anayenuka kitunguu saumu na kuimba akinyoa ndevu. Mama alikuwa anachambua mchele. Alipomaliza, aliuchambua ule ule mara ya pili.

Mwalimu nikawa mimi. Usicheke. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne Malindi, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusimama na kujibu kwa pamoja, lakini ndicho kilichokuwapo nyumbani. Baba alikuwa huru asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki jikoni, nikashika mwiko kama mwalimu wangu alivyoshika rula, nikamfundisha kwa njia pekee niliyoijua, ya swali na jibu. Nilimwekea sukari ulimini. "Is it sweet?" Naye ajibu, "Yesi, teacher." Nikamwekea ndimu, nikamwekea chumvi, nikamwekea pilipili, na kwa kila kimoja yeye mwenyewe akaongeza swali la mwisho ambalo sikumfundisha kulitumia hivyo. "Is it good?" Kisha alijijibu kwa kutikisa mkono, kati na kati, kama afanyavyo Mwitaliano.

Siku moja akaniuliza, "Na amaro wanasemaje?" Neno la Kiingereza nililikumbuka, lakini sikuliamini. Nikaenda dirishani.

"Anti! Chungu kwa Kiingereza ni nini?"

"Bitter," akajibu bila kufikiri. "Chungu kama tsisaka. Hiyo mboga kwetu tunaipika na maziwa usiku kucha, ukila unalamba mpaka sahani. Weh, umenikumbusha nyumbani sasa."

Unaona mtego ulivyotegwa? Hakuna aliyekosea. Bitter ni chungu, na chungu ni amaro, hata mwalimu wa chuo kikuu angetupa alama zote. Lakini niliyemuuliza alikuwa Mluhya aliyetamani mboga chungu za kwao, aliyejifunza alikuwa mpishi aliyefunzwa na Mwitaliano, mwalimu alikuwa mtoto wa Kigiriama, na mama aliyekuwa akitusikiliza alimeza mate. Jengo zima halikuwa na mtu wa kutuambia kwamba wako watu duniani ambao hilo neno likitajwa wanafunga mdomo.

Mchunga haukuwapo Riyadh, kwa hiyo kitu kichungu cha somo kikawa gahwa, ile kahawa ya Waarabu isiyotiwa sukari, yenye iliki. Bosi alikuwa amempa baba birika dogo na sanduku la tende. Baba alikunywa funda moja, akafumba macho kama yule mzee wake. "Is it sweet?" "No." "Is it bitter?" "Yesi!" "Is it good?" "Good, good, good!" Ndipo akala tende. Alishika mpango huo bila kuuvunja: gahwa kwanza, tende baadaye. Mimi nikinyoosha mkono kwenye tende kabla ya gahwa alinipiga kofi dogo la vidole. "Chungu kwanza," alisema. "Ukianza na tamu, ulimi unakuwa mvivu."

Kisha akaenda soko la mboga na kurudi anatweta kwa furaha. Alikuwa amepata mboga inayoitwa hindiba, ambayo watu wa Sham huila. Alilitia jani moja mdomoni mwa mama bila hata kuliosha. Mama alitafuna, akasimama, akasema kwa Kigiriama kitu ambacho tafsiri yake ni kwamba huo ni mchunga uliotembea mbali. Machozi yalimlenga. Basi sahani ya baba ikajulikana. Pasta kwa hindiba, kitunguu saumu, pilipili kidogo, na zabibu kavu zilizofichwa katikati ya majani, kama alivyofundishwa hotelini. Zabibu nilizichambua mimi, na nyingine zikapotelea njiani kama mkate.

Wiki nzima tulifanya maigizo. Mama alijifunga taulo kichwani akawa bosi, akakaa mezani kwa maringo, na baba akatoka jikoni na sahani. "Good afternoon, sir. This is pasta. Very fresh. Very hot. Very bitter." Mama alijibu "Tayyib, tayyib" kwa sauti nzito, mimi nikacheka mpaka nikalala chini. Baba aliyasema maneno yote vizuri, lakini lile la mwisho alilisema kwa mapenzi, amenyoosha kifua. Tulikuwa na furaha, we acha tu. Nadhani sijawahi tena kuwa na furaha jikoni kama wiki ile.

Siku yenyewe ikafika. Wakati huo mikahawa ya kule ilikuwa na sehemu mbili, ya wanaume na ya familia, na katikati pamezibwa kwa mbao. Baba aliomba ruhusa mimi na mama tukae upande wa familia, tuwe karibu. Mbao mbili hazikukutana sawasawa, nami nikaweka jicho langu hapo. Niliwaona wageni wa bosi, vijana kadhaa wa Kisaudi wenye kanzu nyeupe pe, na Mwingereza mmoja aliyeiva kwa jua. Mpishi wa Kimisri alitangulia. Sosi yake ilikuwa ya malai, Kiingereza chake kiliteleza, wageni wakala na kumshukuru. Nikakaza kucha kwenye mbao.

Baba akatoka. Aproni yake mama aliipiga pasi asubuhi ile mpaka ikasimama yenyewe. Akaweka sahani, akanyoosha kifua.

"Good afternoon, sir. This is pasta. Very fresh. Very hot. Very bitter."

Uma zikasimama hewani. Mwingereza akamtazama bosi, bosi akamtazama baba. Baba, maskini, alidhani hawamwamini, kwamba wanaona labda uchungu hautoshi. Akaongeza kwa bidii, "Very, very bitter, sir. I promise."

Mwingereza akacheka kwa adabu, akasema jambo ambalo nilielewa nusu yake, kwamba hajawahi kuona mpishi akikitukana chakula chake mwenyewe. Nusu hiyo ilinitosha. Vijana wakaweka uma chini. Bosi akainua mkono, uso umeingia haya mbele ya wageni wake. "Halas," akasema. "Halas, ondoa." Mama hakujua Kiingereza, lakini halas aliijua. Alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikaniuma, nami sikumwambia aniache.

Baba alisimama. Nilimwona akifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiitaliano, maneno mengi ya haraka, na hakuna aliyeyaelewa. Kisha akageuka kidogo, akatazama zile mbao, mahali hasa nilipokuwa. Sijui kama aliliona jicho langu. Ninachojua ni kwamba alinyoosha mkono akachukua birika la gahwa mezani kwa bosi, akamimina kwenye kikombe kidogo, akampa yule Mwingereza kwa mkono wa kulia. Kikombe cha gahwa ukipewa hukatai, hata mgeni alilijua hilo. Akanywa.

"Is it sweet?" baba akauliza.

Ndugu yangu, nilisikia sauti yangu mimi. Mkato ule ule, kidole kile kile, alikosa mwiko tu.

"No," akasema Mwingereza.

"Is it bitter?"

Mwingereza akatazama ndani ya kikombe kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anakiona. "Yes," akasema polepole.

"Is it good?"

Kisha kijana mmoja wa Kisaudi akapasuka kwa kicheko, akapiga meza. "Good! Wallahi, good!" Na wenzake wakadakia. Baba akaisogeza tena ile sahani ya pasta mbele yao, akaonyesha majani, halafu akaonyesha zabibu. "Same," akasema. "First bitter. After, sweet."

Wakala. Sitakudanganya kwamba wote walimaliza, mmoja alizitoa zabibu zote akaacha majani, mlafi yule. Bosi mwenyewe alionja jani moja, akanywa maji. Lakini Mwingereza alikunja uso, akatafuna, akafika kwenye zabibu, na akarudi kuchukua jani jingine. Mama alikuwa hajaniachia mkono. Aliuliza kwa kunong'ona, "Wanakula?" Nikamwambia wanakula. Akakaa sakafuni pale pale, na abaya lake, kama mtu aliyetua mzigo.

Jibu lilikuja baada ya siku chache za kutolala vizuri. Mmisri alipewa mkahawa wa Riyadh, baba akapewa Jeddah, kwa sharti moja ambalo bosi alilisema huku anamtikisia kidole. "Mafi bitter! Mbele ya mteja sema 'special'. Inta majnun." Yaani wewe una wazimu. Baba alirudi akalirudia hilo la wazimu kwa mama kana kwamba amepewa cheo.

Nilikimbilia dirishani kumwambia anti. Nilimweleza yote, na jinsi neno letu lilivyokuwa karibu kutuua. "Kumbe!" akasema. "Kwao chungu ni lawama? Haki mimi nilijua maana tu, sikujua wanaitumia hivyo." Akacheka chini chini. Kisha akauliza, "Kwa hivyo mtakaa pamoja? Wewe, mama na baba?"

"Ndiyo, anti."

Mikono yake ikaacha kusuuza. Maji yakaendelea kutiririka peke yake. Kisha akasema, "Basi hiyo ni bitter kabisa, katoto. Very, very bitter." Alikuwa analitumia kama sisi, kwa kusifu. Nikasikia "Yalla!" ya madam, na mikono ikapotea. Siku ya kuondoka nilikaa dirishani asubuhi nzima, dirisha la juu halikufunguliwa. Nililia njia nzima mpaka Jeddah, na mama aliniacha nilie.

Jeddah ikawa nyumbani kwetu. Al-Safa, mtaa wetu mpya, hewa ilikuwa nzito na ya chumvichumvi, nguo hazikauki, na ngozi ya mama ikarudia kung'aa kama akiwa Malindi. Nilipata ikama, nikapata shule, nikapata maadui na marafiki wangu mwenyewe. Asubuhi baba aliimba akinyoa ndevu. Ijumaa tulikwenda kukaa ufukweni na chupa ya gahwa na sanduku la tende, tukanywa kwa utaratibu wake, na ole wako uutangulize utamu. Mkahawani alisema "special" mpaka akalizoea. Nyumbani kitu kikituzidi kwa uzuri tulisema bitter. Kanzu mpya ya mama ilikuwa bitter, alama zangu za hesabu nazo, siku nilizopata. Hakuna mtu mwingine duniani aliyesema hivyo, labda anti.

Halafu sheria zikabadilika, familia za wageni zikalipiwa ada, na kila mwezi ukasikia nyumba nyingine Al-Safa na Al-Nuzha inafunga masanduku. Baba alipambana nayo kadiri alivyoweza. Mwisho akatukalisha mezani akatuambia kwamba yeye atabaki, sisi tutarudi. Hakuna sahani ya kupika safari hii, wala mgeni wa kuulizwa maswali.

Uwanja wa ndege wa Jeddah tulikaa juu ya masanduku yetu, asubuhi. Baba alikuja na chupa ya gahwa na sanduku la tende, kama tunakwenda ufukweni. Akamimina, tukanywa. Ilipofika zamu ya tende akanipa mimi sanduku. Nikachukua moja, nikamrudishia. "Chukua," akasema. Nikachukua nyingine. "Chukua zote." Nikamuuliza, "Na wewe, baba?" Akasema ameshiba, akajimiminia gahwa nyingine akainywa kavu, na nyingine tena. Mama aligeuza uso. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, nilielewa, nikazila, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Akawa tena baba wa simu. Aliporudi kabisa nilikuwa nimemaliza shule, nimempita kimo, nywele zake zimeingia mvi masikioni, na tulisalimiana kwa adabu kama wakwe. Hiyo miaka haikurudi nasi. Mkahawa wa Jeddah ulifungwa. Ile mikahawa ya Riyadh, naambiwa, imebomoa mbao za katikati, watu wanakaa pamoja. Anti sijui yuko wapi, wala jina la kumtafutia sina. Na sasa hata mchunga wameutoa uchungu.

Juzi hiyo niliupika hivyo hivyo, kwa tui. Baba alionja, akaweka kijiko chini, akauliza kwa upole, "Nani ameua mboga hii?" Tukacheka, mama akacheka zaidi yetu. Kisha nikaleta gahwa na tende. Baba alikunywa funda moja, akafumba macho, na bila kuyafumbua akakisukuma kile kisahani cha tende upande wangu. Hufanya hivyo kila mara tangu arudi, na hatujawahi kulizungumza. Zamani nilikuwa nakirudisha katikati ya meza. Siku hizi sikirudishi. Nazila zote mbele yake, moja moja, naye huendelea kunywa chungu yake akinitazama, mpaka sahani inabaki kokwa tupu.